Watoto Hawajambo

1

Afisa wa uhamiaji aliitazama pasipoti, akamtazama Salha Singano, akairudia pasipoti.

"Picha hii ni ya zamani," akasema kwa Kiingereza. "Umezeeka tangu wakati huo."

Akagonga muhuri. Hakusema karibu wala hakutabasamu. Alimsukumia kisahani chenye pete nyembamba ya kijivu, akamwonyesha kidole gumba chake mwenyewe, kilichovikwa pete kama ile. Salha akaivaa. Ikambana kidogo, ikapata joto, na kitaa chake kidogo kama punje ya mtama kikawaka kijani.

"Jina lako?"

"Salha Singano."

Kijani.

"Umefurahi kufika Velderi?"

Alikuwa njiani kwa saa kumi na tisa tangu Dar es Salaam. Miguu ilikuwa imevimba, tumbo linamnguruma. "Nimefurahi sana," akajibu, na kitaa kikageuka chekundu kama jicho la mlevi.

Afisa hakukasirika. "Wageni wote husema hivyo," akasema, akamwita aliyefuata.

Mjini hakukuwa na tangazo hata moja la biashara. Kuta zilikuwa tupu, ndefu, za rangi ya majivu. Kwenye hoteli, sabuni ya bafuni iliandikwa kwa Kiingereza chini ya lugha ya kwao: *Inatoa uchafu mwingi, si wote.* Binti wa mapokezi alimwambia chumba kipo, ila yeye hakufurahi kumwona kwa sababu zamu yake ilikuwa karibu kwisha. Mhudumu wa chakula alimwambia samaki ni wa juzi. "Ungekuwa wewe ungemla?" Salha akauliza. "Nisingemla," mhudumu akasema, akampelekea mayai.

Kufikia asubuhi ya pili Salha alikuwa ameanza kuipenda nchi ile. Alimkumbuka fundi wake wa cherehani kule Tanga, ambaye kwa Ijumaa nne mfululizo alimwambia gauni limebaki vifungo tu, na siku alipoingia ndani mwenyewe alikikuta kitambaa bado kimekunjwa dukani kama alivyokileta. Akajiambia kwamba mtu akizaliwa hapa haendi mara nne kwa fundi. Akacheka peke yake mbele ya kioo, akavaa koti, akateremka.

Mwenyeji wake alikuwa anamsubiri mlangoni: mwanamke mrefu, mwenye nywele zilizokatwa karibu na ngozi, mikono mfukoni. Hakutoa mkono.

"Marit Holve, Idara ya Maombi," akasema kwa Kiswahili safi cha darasani. "Vitabu vyako nimevisoma. Kile kinachohusu salamu ni kizuri sura ya kwanza. Sura zilizobaki zinachosha."

"Ahsante," Salha akasema.

Marit akakitupia jicho kidole gumba cha Salha. Nyekundu.

"Hukushukuru."

"Ni adabu tu, Bi Marit."

"Najua. Hapa usiwe na adabu, utachoka. Na mimi si Bi. Ni Marit."

2

Kazi yake ilikuwa nyepesi kueleza. Marit alimweleza wakiwa wanapanda ngazi, bila kuhema.

"Pete haijui ukweli. Watu wa nje hudhani inajua. Ukisema jua ni baridi, na wewe mwenyewe unaamini hivyo, itawaka kijani. Inachopima ni pengo kati ya unachojua na unachosema. Koo hujikaza kabla ya neno kutoka, damu hupungua kwenye ncha ya kidole, kwa kiasi ambacho mwenyewe huwezi kukihisi. Lugha haiihusu. Ndiyo maana sheria inataka kila lugha iwe na mtaalamu wake, mzaliwa, aape kwamba kinachopimwa kwa lugha hiyo ni kauli kweli na si kikohozi. Kwa Kiswahili tumekuchagua wewe."

"Na mpaka sasa mlikuwa mnatumia kiapo cha nani?"

"Cha muda. Miezi kumi na mmoja."

Ofisini palikuwa na meza, viti viwili na ukuta mzima wa mafaili. Marit alisema yalikuwa mia nne na kumi na mawili, yote ya watu wa delta ya Rufiji waliokimbia baada ya bahari kupanda na kubaki palepale, na yote yamefungwa kwa muda yakingoja kiapo cha Salha. Sheria ya Velderi ilikuwa fupi. Mwombaji akiwasha nyekundu mara tatu, ombi lake linafungwa, na meli inamrudisha alikotoka. Alikotoka siku hizi ni jukwaa la zege lililosimamishwa kwa nguzo juu ya maji, mahali vilipokuwa vijiji. Watu hulala humo bega kwa bega na hunywa maji ya mvua mvua inaponyesha. Mwaka uliopita kipindupindu kiliondoka na nusu yao.

"Soma hili," Marit akasema. "Ndilo fupi kuliko yote."

Salha akasoma.

*Mwombaji: Mwamvua Pazi, miaka sitini na mmoja.*
*Mhoji: Shikamoo, mama.*
*Mwombaji: Marahaba, mwanangu. (Kijani.)*
*Mhoji: Hujambo?*
*Mwombaji: Sijambo. (Nyekundu.)*
*Mhoji: Habari za safari?*
*Mwombaji: Nzuri. (Nyekundu.)*
*Mhoji: Watoto hawajambo?*
*Mwombaji: Hawajambo. (Nyekundu.)*
*Mahojiano yamefungwa.*

Akarudia kusoma, polepole, kama mtu anayetafuta ukurasa uliochanika.

"Hajaulizwa hata swali moja," akasema.

"Ameulizwa matatu."

"Hayo si maswali. Hiyo ni salamu. Hata mtu anayekata roho ukimwuliza hujambo atasema sijambo."

"Basi atakuwa amedanganya," Marit akasema, si kwa ubishi. Pete yake ilikuwa kijani, kama ilivyokuwa tangu asubuhi.

"Na watoto wake?"

"Wawili. Walizama pamoja na nyumba. Majina yao yamo kwenye orodha ya maiti."

Salha akaliweka faili mezani. "Nani aliwafundisha wahoji wenu kuanza hivi? Polisi hawaanzi hivi. Mahakama haianzi hivi."

Marit akafungua saraka, akatoa kitabu chembamba cha jalada la buluu, akakifungua somo la kwanza. Salha hakuhitaji kusoma. Aliyaandika maneno yale mwenyewe, miaka kumi na minne iliyopita, kwa ajili ya wageni: *Usimwulize Mswahili jambo lolote kabla hujamsalimu. Msalimu kwa utulivu. Mwulize na watoto.*

"Tulitaka wasiogope," Marit akasema.

3

Kituo cha kuzuilia kilikuwa nyuma ya jengo hilohilo. Kwa kuwa hayakuwa mahojiano, Salha aliruhusiwa kuingia bila pete. Mwamvua Pazi alikuwa ameketi kwenye kitanda cha chuma, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, juu yake koti la kiume lililomfika magotini. Mguu wa kushoto ulifungwa bendeji. Salha alisikia harufu ya bendeji ile kabla hajaiona.

"Shikamoo, mama."

Uso wa mwanamke yule ulifunguka. "Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Kaa hapa, chuma hicho kina baridi, ngoja nikutandikie." Akavua kanga ya kichwani, akaitandika. "Za huko utokako?"

"Njema, mama. Za hapa?"

"Nzuri, tunashukuru. Wanatupa chakula. Chai yao haina viungo wala sukari, lakini ni ya moto." Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa nusu ya biskuti iliyofungwa kwenye karatasi. "Karibu tule."

Salha akamega kipande, kwa kuwa kukataa kungekuwa tusi.

"Na huo mguu?"

"Umepoa. Ni baridi ya kwenye meli tu."

Wakakaa. Mwamvua akamwuliza ukoo wake, akafurahi kusikia ni Singano, akasema aliwahi kumjua Singano mmoja mnunuzi wa kaa, mtu mwenye mikono mizuri. Kisha akauliza, kama ilivyokuwa lazima aulize, "Na watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama." Salha alikuwa na binti mmoja, na kweli hakuwa na jambo. Sasa ilikuwa zamu yake. Mtu akikuulizia wako nawe unamwulizia wake, na ukinyamaza umemtenga. "Na wako?"

"Hawajambo. Shomari ndiye mkubwa, ana maneno huyo, hachoki kusema. Zamda mkimya. Ukimtuma harudi na jibu, anarudi na kitu mkononi, ukitazame mwenyewe."

Ana. Anarudi. Salha alikuwa ameishi miaka thelathini kwa kusikiliza vitenzi vya watu, na hivi vilimpita sikioni vikiwa wazi kabisa. Alijua kwamba palikuwa na swali la kuuliza hapo. Lakini lingekuwa swali la mtu asiye na malezi, kumvua nguo mama mzima aliyemkaribisha kwa nusu biskuti. Akasema, "Mungu awakuze," na Mwamvua akaitikia, "Amina."

4

"Kuna njia mbili," Marit akasema. Walikuwa wamerudi ofisini, Salha ameivaa tena pete yake, na nje theluji nyembamba ilikuwa inaanguka kama unga wa muhogo. "Ya kwanza, unaandika angalizo kwamba salamu za Kiswahili zina utata. Mahakama italikalia mwaka mmoja, pengine miwili. Watu wote mia nne na kumi na wawili watabaki hapa, ndani. Baadhi watakufa. Mguu wa yule mwanamke, kwa mfano, hautangoja. Madaktari hawawatibu waliofungiwa maombi."

"Na ya pili?"

"Jaribio la kauli. Unachagua mtu mmoja kati yao. Anavaa pete, anaulizwa: uliposema maneno yale, ulitaka aliyekusikia ayaamini? Akisema hapana, na pete ikawa kijani, basi hayakuwa kauli. Yalikuwa kikohozi. Mafaili yote yanafunguliwa kesho. Akisema ndiyo, yalikuwa kauli, na zilikuwa za uongo. Yote yanafungwa moja kwa moja. Meli inaondoka Alhamisi."

"Wote? Kwa jibu la mtu mmoja?"

"Kwa lugha moja, jaribio moja. Ndiyo sheria." Marit akafuta meza kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu. "Mimi ningeandika angalizo."

"Unapenda wafie humu ndani?"

"Siwapendi wala siwachukii. Nchi hii, Salha, watu elfu tisini waliuana kwa uvumi wa juma moja. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Jirani alimwambia yuko salama, atoke nje. Pete zilikuja baada ya hapo, na mimi nazipenda. Lakini wewe hujui mwanamke yule atajibu nini."

"Najua," Salha akasema. Aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili. Hakuna Mswahili duniani anayesema sijambo akitaka kuaminiwa. Ni kama kubisha hodi, na hakuna anayebisha hodi ili mlango umwamini. Ya vile vitenzi hayakumjia kichwani, au yalimjia akayasukuma. "Najua kabisa atakavyojibu."

Akakitazama kidole gumba chake. Kitaa kilikuwa kijani, kimetulia.

"Hicho kinaniambia unaamini," Marit akasema. "Hakiniambii kitu kingine."

Salha akamchagua Mwamvua Pazi, kwa kuwa faili lake lilikuwa fupi na la aibu kuliko yote, na hakimu yeyote angeona.

5

Chumba cha jaribio kilikuwa na meza ya duara. Karani, mzee mwenye miwani, alikaa mbele ya kibodi, Kiswahili hakukijua. Marit alisimama dirishani. Sheria ilitaka anayeuliza naye avae pete, na aapishwe kuwa mtafsiri. Salha akaapa.

Mwamvua aliletwa kwenye kiti cha magurudumu. Alipomwona Salha akatabasamu. "Mwanangu, umeamkaje?"

Karani akainua kidole: hakuna salamu. Salha akaiacha salamu bila kuiitikia. Aliona tabasamu lile linabaki usoni likiwa halina kazi, kisha likaondoka.

"Mama Mwamvua," akasema, "nina maswali mawili. Ujibu kama ulivyo moyoni tu. Ukijibu hivyo, mambo yatanyooka."

"Uliza, mwanangu."

La kwanza lilikuwa la kisheria, la kuthibitisha kwamba alijua. Salha alikuwa ameligeuza usiku mzima akitafuta namna ya kulifunika, na asubuhi karani alikuwa amekataa kila kifuniko.

"Shomari na Zamda wako hai?"

Mwamvua alimtazama kama mtu aliyepigwa na aliyemlisha. "Jana si tulizungumza vizuri?"

"Tulizungumza vizuri, mama. Nijibu."

"Hawapo."

Kijani. Lakini karani, alipotafsiriwa, akatikisa kichwa. Mtu asiyekuwapo huenda amesafiri. Ndiyo au hapana.

"Mama. Wako hai?"

Vidole vya mwanamke yule vilianza kukunja ncha ya kanga, vikakunjua, vikakunja.

"Wamekufa," akasema.

Kijani. Karani akaandika. Mwamvua akabaki mdomo wazi kidogo, kana kwamba neno lile lilikuwa bado linatoka. Salha alielewa, akiwa ameketi pale, kwamba Mwamvua hakuwahi kulisema kabla ya siku ile, kwa mtu yeyote, na kwamba yeye, Salha, ndiye aliyemtoa neno hilo. Lakini hilo lilikuwa limekwisha, na swali la pili ndilo lingewaokoa. Akaharakisha.

"Sasa sikiliza, mama. Siku ile yule kijana wa mahojiano alipokuuliza watoto hawajambo, ukajibu hawajambo. Ulitaka aamini?"

Alingoja neno moja. Alishaanza hata kuliandaa kwa Kiingereza.

Mwamvua alifikiri. Alikuwa ameambiwa ajibu kama alivyo moyoni, na alikuwa mtu wa kutii.

"Nilitaka," akasema.

"Mama, lile ni jibu la salamu tu, kila mtu—"

"Swali hilo ameshalijibu," Marit akasema kutoka dirishani.

"Nilitaka aamini," Mwamvua akaendelea, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za shamba. "Watu wa kwetu wote wanajua. Majirani walionusurika wanajua. Kwenye meli walijua, kila mmoja ananitazama anajua. Yule kijana alikuwa hajui. Nikamwambia hawajambo, akasema vizuri sana, akacheka. Nikaona, basi yuko mtu mmoja, kwake wanangu wazima. Huyu hata nikifa mimi atabaki nao. Ndiyo, mwanangu. Nilitaka sana."

Kitaa kilikuwa kijani. Hakikupepesa hata mara moja.

Salha akatafsiri. Karani akaandika mistari minne, akabonyeza kitufe, na mashine iliyokuwa pembeni ikaanza kutoa karatasi moja baada ya nyingine, kila moja na namba ya faili.

"Sisaini," Salha akasema kwa Kiingereza. "Cheti chenu siwezi kukisaini."

"Hakihitajiki tena," Marit akasema. "Jaribio ndilo cheti. Jina lako limo kwa sababu uliuliza." Hakugeuka kutoka dirishani.

Mwamvua alikuwa anazifuata karatasi kwa macho. "Wanasemaje?" akauliza. "Nimejibu vibaya?"

Pete ilikuwa bado kidoleni mwa Salha. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema umejibu vizuri na kuacha kitaa kiwake kitakavyowaka.

"Umesema kweli, mama. Kwa kweli hiyo wamefunga mlango."

"Wangu?"

"Wako na wa wenzako wote waliotoka delta. Watu mia nne na kumi na wawili. Meli itaondoka Alhamisi."

"Na aliyetaka swali hilo liulizwe ni nani?"

"Ni mimi. Kuna aliyenionya nisiliulize, nikaliuliza."

Kijani, kijani. Salha alikuwa analia bila kujijua, pua na macho pamoja, kama mtoto. Mwamvua akajisukuma kwa mguu mzima, kiti kikasogea, akaishika ncha ya kanga na kuanza kumfuta uso, shavu hili na lile, kwa nguvu kidogo, kama wafutavyo mama.

"Nyamaza," akasema. "Haidhuru, mwanangu. Mimi sijambo. Wala sikulaumu."

Nyekundu.

Karani akasogeza miwani. "Kuna kauli mpya. Amesema nini? Lazima iingie."

Marit alikijua Kiswahili, lakini aliendelea kutazama nje. Salha ndiye aliyeapa. Akatafsiri, neno kwa neno, na kanga ikiwa bado shavuni mwake.

"Hizo ni kauli tatu kwa pumzi moja," karani akasema. "Pete haionyeshi ipi kati ya hizo ni ya uongo. Mwambie azirudie. Tuzipime moja moja."

Salha akamtazama mwanamke yule kwa karibu. Macho ya Mwamvua yalikuwa makavu, na hayakuwa na kitu chochote cha kusomeka.

"Usizipime," akasema. "Andika zote tatu."

Karani akaandika zote tatu.